Kiganja cha Sponji

Mwanangu wa kwanza ni fundi wa makochi. Hufanya kazi akiwa amekaa chini, miguu kaikunjua, kochi la mtu limelala ubavu mbele yake, na misumari midogo kaijaza mdomoni. Anaongea nayo humo humo, anacheka nayo, na hajawahi kumeza hata mmoja. Mimi nikipita karakanani kwake moyo hunidunda mpaka aiteme.

Mtaa mzima unamwita Bonge. Jina alilipata shuleni na halijamsumbua. Mimi humwita Baba. Ni mtu wa utani, mkono wake mwepesi, na kochi likitoka kwake hukai ukasikia mbao. Anakaribia miaka thelathini, hajaoa, analala chumba cha uani nyumbani kwetu, na chakula anakula mezani kwangu.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba anaumwa, yeye hakusema. Nilimwona anacheka huku kabana kitovu kwa kiganja, na mtu mzima hacheki hivyo. Nikamwambia avue shati. Akaleta mzaha, nikamwambia mimi ndiye niliyekuosha, vua. Pale kitovuni palikuwa na uvimbe kama limau. Ilikuwa ngiri. Siku moja aliinua kochi la watu watatu peke yake, kitu kikaachia ndani, naye akawa anakificha kwa aproni.

Daktari wa upasuaji alimlaza kitandani, akambonyeza, kisha akatuambia bila kuzunguka. "Nikimpasua na uzito huu mshono utaachia. Ana kilo mia na kumi na nane. Ashuke chini ya mia ndipo nimpasue. Lakini asikae sana, kwa sababu utumbo ukinasa kwenye lile tundu hatutakuwa na nafasi ya kuchagua. Itakuwa ni kukimbizana na roho."

Maneno hayo, kukimbizana na roho, nilirudi nayo nyumbani na sikuyatua tena.

Tulipelekwa kwa dada wa lishe. Ni binti mdogo, sauti ya chini, na mezani pake amepanga vyakula vya plastiki: yai la plastiki, samaki, paja la kuku. Bonge alipoliona lile paja alilichukua, akaligeuza, akauliza, "Dada, hili linapashwa moto au linaliwa hivi hivi?" Yule binti akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Nilimuuliza swali langu moja, "Nimnyime chakula tu, au kuna namna?"

"Hapana mama, usimnyime. Ukimnyima atapungua, ndiyo, lakini mwili utakula na misuli yake pamoja na mafuta. Misuli ya tumbo ndiyo itakayoshika mshono. Tutapunguza wanga, mafuta na sukari, lakini protini lazima aipate ya kutosha. Nayo inamshibisha."

"Kutosha ni kiasi gani?"

"Tunahesabu kwa uzito tunaoutafuta, siyo alionao. Tuseme kilo tisini. Gramu moja na kidogo kwa kila kilo. Inafika kama mia moja hadi mia na kumi kwa siku, na figo zake tumezipima ziko salama."

Nikasema basi ni rahisi, nitanunua gramu mia za nyama kila siku. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba gramu mia za nyama siyo gramu mia za protini, kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ni maji na mafuta. Kipande kilichopikwa cha ukubwa wa kiganja cha Bonge mwenyewe, bila vidole, na unene wa kiganja chenyewe, kina kama ishirini na tano. Yai moja sita. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kumi na tano hivi. Glasi ya maziwa nane. "Igawe mara tatu mama, asubuhi, mchana, jioni. Usimrundikie yote jioni."

Nilikariri njiani kama mtoto anayetumwa dukani. Tatizo likawa moja. Kiganja kinachotakiwa ni chake, na mimi napika yeye akiwa kazini. Changu kidogo. Nilipomwambia, akachukua kipande cha sponji ngumu ya kochi, akalaza mkono juu yake, akauchora kwa chaki, akakata kwa kisu kile kirefu cha kazi. Vidole akaviondoa, akabakiza kiganja tu, akapunguza mpaka kikalingana unene. Akakivisha nailoni kisilowe mafuta. "Haya mama, mkono wangu nimekuachia. Usiupike."

Nilikitundika kando ya jiko, na maisha yangu yakageuka yakafuata kile kiganja.

Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, glasi ya maziwa, na maharage nusu kikombe. Mchana nyama au kuku wa kiganja kimoja, maharage tena, mboga za majani nusu sahani, na wali usiozidi ngumi. Jioni samaki wa kiganja na maziwa mgando. Nikinunua nyama nakumbuka kwamba ikiiva inasinyaa, kwa hiyo nakata kubwa kidogo, nikiipua naiweka kando ya sponji, naangalia. Baba yake akawa ananikejeli. "Hata mimi nina kiganja, mke wangu. Mbona changu hakipimwi?" Namwambia wewe huna ngiri, kula.

Chakula cha mchana nilimpelekea mwenyewe, kwa miguu, kwenye chombo chenye mfuniko. Nakaa kwenye kochi la mteja mpaka amalize. Alinitania kwamba namlinda kama mfungwa. Nikamwambia nasubiri chombo changu, vyombo nyie mafundi mnavigeuza vya gundi. Lakini ukweli nilikuwa namwangalia. Naangalia anavyoinuka, anashika wapi, uso umekunjamana au haukukunjamana.

Kipimo cha kwanza kilo nne zilikuwa zimeondoka. Dada wa lishe alinishika mkono akasema, "Mama unafanya kazi nzuri." Nilitembea mtaani kama niliyeshinda bahati nasibu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama, nami nikaona na sikutaka kuona. Mkanda wake uliokuwa umesogea ndani ukarudi tundu lake la zamani. Suruali niliyompunguzia kiunoni ikambana. Nikasema ni sabuni, imeirudisha nguo. Jioni anakula samaki wake wote, hasazi, ila anakula taratibu kama anayetimiza wajibu. Nikasema amezoea chakula kidogo, ndivyo inavyokuwa.

Tulirudi kupimwa. Yule binti alitazama mizani, akamwambia ashuke, apande tena. Kilo nne zilikuwa zimerudi, na nyingine juu yake.

Alimwambia Bonge akae, kisha akanigeukia mimi. "Mama, tuambizane ukweli, hapa hakuna polisi. Kipimo kinafuatwa?"

"Kinafuatwa."

"Huongezi kidogo? Mama wengi huona huruma. Mtoto akisema bado nina njaa..."

"Hajawahi kusema ana njaa. Siongezi hata kijiko. Naapa kwa aliyeniumba, mwanangu, kama namwongezea, nisirudi nyumbani salama."

Nilinyanyua na mkono. Mwanamke wa umri wangu, mbele ya binti anayelingana na wanangu, nimenyanyua mkono naapa kwa ajili ya sahani ya samaki. Mwanangu alikuwa kando yangu, goti lake linagusa langu. Alikuwa anachezea lile yai la plastiki.

Yule binti hakuniamini. Hakunitukana, alinisemesha kwa upole ule wa kumsemesha mtu aliyekamatwa. Upasuaji ukasogezwa mbele. Njiani Bonge akasema, "Labda mizani yao ni mbovu." Nikamjibu inawezekana. Nilitaka iwe hivyo.

Siku ya pili nilikwenda dukani kununua mayai. Muuza duka ni mtu wa maneno, ukinunua chumvi anakuuliza ya nini. Akanipimia mayai huku anatabasamu.

"Mama Bonge, yote haya ya mgonjwa?"

"Ya mgonjwa."

"Basi leo mpikie na vidole, mama. Mtoto wa watu umemkata vidole mpaka anatia huruma."

Vijana waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Nikamuuliza vidole gani. Akajibu, "Aa, sisi tunasikia tu kwa shangazi yake. Ati kuna mkono jikoni kwako hauna vidole."

Sponji ile nilikuwa sijamwonyesha mtu wa nje. Mayai niliyaacha palepale kaunta nikaenda kwa wifi yangu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa nyumba ya tatu baada ya kona, njia ile ile ya karakanani. Watoto wake wameondoka, nyumba kubwa, kimya. Hatujawahi kugombana, lakini hatujawahi pia kukaa tukamaliza chai bila mmoja kuangalia mlango.

"Karibu wifi! Leo umepotea njia?"

"Sijapotea."

Sikuhitaji kutafuta. Juu ya friji ilikuwa sponji ya kochi, imekatwa kwa kisu kile kile, ukingo ule ule safi. Hii ilikuwa na vidole vyote vitano, na haikuvikwa nailoni. Ilikuwa imelowa mafuta mpaka imegeuka rangi ya chai.

"Hii nini, wifi?"

"Mkono wa mwanangu." Hakushtuka hata kidogo. "Mzima. Hapa kwangu hatukati watu."

"Anakula hapa?"

"Mtoto anapita hapa jioni, midomo imemkauka, mikono inamtetemeka, ananiambia shangazi nyumbani napimiwa. Ulitaka nimfungie mlango?"

"Kila siku?"

"Kila akitoka kazini. Ila siku mbili tatu kabla ya kwenda kupimwa haji. Ile mara ya mwisho ndiyo alijisahau, nilikuwa nimekaanga maini."

Nilitafuta pa kukaa. Yeye akaendelea, na nadhani alidhani ananituliza. "Wala usiogope, wifi. Simpi wali hata punje. Nyama, mayai ya kukaanga, maziwa yenye mafuta yake. Protini tupu. Protini haineneshi, si daktari alimwambia?"

"Mimi nilikuwepo, wifi. Hakuna aliyemwambia hivyo."

"Basi mimi ndivyo nilivyoambiwa. Na niliambiwa mengine, ila hayo niachie mwenyewe."

"Sema."

"Wifi, yaache."

"Umeshamwambia muuza duka, mimi nisiambiwe?"

Akafuta meza iliyokuwa safi. "Alisema minofu mnakula wewe na baba yake. Yeye unampimia kipande kwa kile kidude, ukishapima unampokonya. Alikuwa anacheka akisema. Lakini aliyasema."

Nimefikiria sana ni lipi liliniuma. Kula si hoja. Mtu akiwa na njaa ataila hata gundi yake. Lakini mwanamke akisemwa kwamba anamnyima mwanawe chakula, tena mgonjwa, tena na wifi yake, basi amevuliwa nguo barabarani. Ndiyo maana wake wa jirani walikuwa wananisalimia kwa kuinua nyusi. Ndiyo maana wifi alikuwa akinitumia bakuli la mchuzi bila kusema sababu, nami namshukuru.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anafunga kamba za viatu, anajiandaa kwa lindo. Ni mlinzi wa ghala, mtu wa maneno machache, na nilimsifia tabia hiyo maisha yangu yote.

"Ulijua Bonge anakula kwa dada yako?"

Akafunga kamba ya kwanza. Akafunga ya pili. "Nilijua anapitia."

"Tangu lini?"

"Si mimi mwenyewe huwa napitia? Nilimkuta anakula, nikakaa, tukala."

"Nilipokusimulia jinsi nilivyoapa kule hospitali, ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo. Ukaniambia pole."

"Ningesema nini? Ningesema, ningegombanisha wewe na dada, wewe na mtoto. Nilidhani ni vitafunwa tu, vitakwisha."

"Daktari alisema kukimbizana na roho."

"Nisamehe, mke wangu," akasema, akachukua kofia. Alikuwa anachelewa lindo. Watu wangu wote walikuwa wamekaa meza moja wanakula, na mimi nilikuwa jikoni napima.

Sikusubiri Bonge arudi. Nilimfuata karakanani. Alikuwa chini, kochi limelala ubavu, misumari mdomoni. Aliponiona bila chombo cha chakula alijua.

"Toa misumari."

Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga kiganjani. Ilichukua muda.

"Nilikuwa nakula kwa shangazi," akasema.

"Hilo nimeliona. Nani alikuwa anakula minofu?"

Akaanza kuipanga upya ile misumari.

"Nakuuliza, Baba. Nani alikuwa anakula minofu nyumbani kwangu?"

"Ilibidi niseme kitu, mama. Mtu mzima kama mimi kwenda kwa shangazi kuomba chakula, ningesemaje? Nikasema kwa utani. Nikaona anacheka, nikaongeza."

"Ukaniuza mimi ili upate maini."

"Nilikuwa na njaa, mama! Saa kumi nikishapiga misumari ya kochi zima naona giza. Na wewe ulikuwa na raha na ile sponji yako, unaimba. Ningekwambia nina njaa ungeanza kuogopa, usingelala."

"Kwa hiyo ulinihurumia."

"Ndiyo."

"Na kule hospitali, nilipoapa? Goti lako lilikuwa hapa." Nikajigusa goti. "Ungesema tu, mama, shusha mkono. Maneno matatu. Hayo pia ulinihurumia?"

Macho yakamjaa. Zamani ningemfuta kwa khanga yangu. Nilisimama nikamwangalia analia, misumari kiganjani, nikajiona nina mkono mzito kama wa mtu mwingine.

"Kuanzia leo jipikie," nikamwambia. "Sponji njoo uichukue, jiko dogo lichukue. Ukitaka kwenda kwa shangazi nenda mchana kweupe. Mimi sipimi tena."

Alinunua sufuria yake. Wiki za kwanza nilisikia harufu ya mayai yanaungua uani na nikang'ang'ania kiti nisiende. Alikwenda kwa dada wa lishe peke yake, akamweleza kila kitu, na niliyasikia alipokuwa anamhadithia baba yake, mimi nikiwa nyuma ya pazia la jikoni. Yule binti alimwambia protini nayo ni chakula. Ikizidi mahitaji mwili unaihifadhi kama unavyohifadhi wali, mbali na mafuta ya kukaangia. Alikuwa anakula kipimo cha siku mara mbili na kushangaa mizani. Kisha akamuuliza ile njaa inamkamata saa ngapi. Akamwambia atoe mayai mawili ya asubuhi ayapeleke saa tisa na nusu, na asubuhi aongeze maharage. Basi. Njaa ile yote, iliyozunguka mtaa mzima ikavaa jina langu, dawa yake ilikuwa mayai mawili ya kuchemsha.

Ingekuwa nimeambiwa, ningeyachemsha na kumpelekea yakiwa ya moto.

Alishuka. Siyo haraka, lakini alishuka. Kwa shangazi yake aliacha kula, anapita anasalimia na kuondoka, na wifi naye aliacha kunitumia bakuli. Siku mizani iliposoma tisini na nane alikuja kugonga mlango wa jikoni kama mpangaji, akasema, "Mama, nimefika chini ya mia." Nikasema alhamdulillahi, na ilitoka moyoni. Lakini tulibaki kila mtu upande wake wa kizingiti.

Upasuaji ulikwenda salama. Ngiri haikunasa, utumbo haukuguswa, daktari alisema misuli aliikuta imara na mshono umeshika. Tuliporuhusiwa kuingia wodini tulikuwa mimi, baba yake na wifi. Alikuwa amelala kachoka, mashavu yamepungua, nikaona sura yake ya utoto.

Muuguzi akaja kutoa maelekezo. Akatutazama wanawake wawili, akauliza, "Anayempikia mgonjwa ni nani kati yenu?"

Wifi alivuta pumzi kama anayetaka kujibu, akaiachia. Mimi niliangalia drip.

"Najipikia," akasema Bonge kutoka kitandani.

"Hongera! Basi sikiliza mwenyewe. Huinui kitu mpaka daktari aseme. Na protini usiipunguze sasa hivi kwa sababu umepungua, kidonda kinaihitaji kufunga. Kipimo chako unakijua?"

"Nakijua." Ulimi ulikuwa bado mzito kwa dawa. "Mama alinifundisha. Mama hakuwahi kuninyima, sista. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Muuguzi hakuelewa anasema nini, akadhani ni dawa, akampigapiga mkono na kwenda kitanda kinachofuata. Wifi aligeukia dirisha. Mume wangu alikohoa, akaangalia kofia yake.

Mimi niliyasikia vizuri. Ni maneno mazuri, na aliyasema mbele ya shangazi yake, sikumnyang'anya. Lakini niliyahitaji siku ile nilipokuwa nimenyanyua mkono, na siku ile hakuyatoa. Nilimvutia shuka ikafunika miguu, nikamwambia asiongee sana, mshono bado mbichi.